Jumbe wa Mistari Mitatu

Mimi wanaume wakianza kugawana vyeo, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuficha panga la nyumbani. Mnacheka? Chekeni. Ninyi hamkuwepo Kipatimu mwaka ule wa arobaini na nane, Likwata alipokuwa jumbe wetu.

Likwata alikuwa ametutawala miaka kumi na sita tayari, na kiboko chake tulikisikia kuliko kengele ya misheni. Ukichelewa kulima shamba lake, kiboko. Ukipishana naye bila kuvua kofia, kiboko. Wakati wa vita ya Hitla Serikali ilimtaka atoe vijana wa kwenda kukata mkonge, naye akawatoa watoto wa watu aliokosana nao, wakafungwa kamba viunoni na kuteremshwa mlima wakilia. Mume wangu Severini alipigwa barabarani mbele ya macho yangu na tarishi mmoja, mtu wa jumbe wa kuchapa watu, kwa kosa la kumcheka jumbe alipoanguka na baiskeli. Ncha ya kiboko ikamchukua jicho la kushoto, nikaliona likimwagika shavuni. Nilimrukia yule tarishi nikamng'ata sikio mpaka nikasikia gegedu linavunjika, wenzake wakaning'oa jino hili hapa, tazameni. Sijutii hata kidogo. Matarishi wake wote walikuwa watu wa kuletwa kutoka pwani, hawakujua utani wala aibu.

Ndiyo, utani, maana Severini alikuwa Mngoni wa Songea. Alikuja kwetu na genge la barabara akiwa mpishi wa mzungu, akanikuta mimi Brigita, Mmatumbi wa misheni, nauza mihogo ya kuchemsha. Akaitukana mihogo yangu, nikamtukana mama yake, tukaoana. Wangoni na Wamatumbi ni watani. Zamani babu zao walituvamia na mikuki, damu ikamwagika ya kutosha, na damu ilipokauka ukabaki utani. Mtani anakwambia neno lolote mbele za watu. Anakuvua kofia akaondoka nayo. Ukifiwa, anakuja kulala mlangoni na kudai alipwe ndipo maiti itoke, na wakati mwingine anaondoka na kitu cha marehemu. Nawe huruhusiwi kukasirika. Ukimpiga mtani kwa hasira umejilaani wewe na ukoo wako. Basi Severini na jicho lake moja alizunguka vijiji vyote akitukana wazee, na wazee wakampenda, wakampa kuku.

Mzungu wake aliitwa Bwana Dolani, msimamizi wa barabara ya kutoka Kivinje kuja kwetu. Lakini ukimwita Mwingereza, loo! Kikombe kinakujia usoni. Kwao Ayalandi, alikuwa akisema, na Waingereza waliwatawala wao kabla ya kututawala sisi, wakawanyonga wao kabla hatujanyongwa sisi.

Siku moja ya masika, barabara yote tope, mtu wa posta alipanda kwa miguu na furushi la magazeti kutoka kwa dada yake Bwana. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nafua. Nikasikia ukelele. Nikakimbia na povu mikononi, nikamkuta Bwana Dolani anarukaruka kibarazani kama kakanyaga siafu.

"Ameanguka! Yule mrefu ameanguka!"

"Nani, Bwana?" Severini akauliza. "Nilete machela?"

Bwana akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaleta karai la mawe ya barabara, akayamwaga juu ya meza ya kulia, sahani na vyote, akaanza kutufundisha. Lundo kubwa hili, akasema, ni chama cha mzee mmoja mrefu aliyeitawala Ayalandi miaka kumi na sita.

"Kumi na sita?" Severini akanitazama.

Ndiyo. Na haya malundo madogo ni wale wasiomtaka. Hawa wenye maduka na mawakili. Hawa wafanyakazi, nao wako mafungu mawili kwa sababu waligombana wenyewe kwa wenyewe. Hawa wakulima. Hawa vijana wa jamhuri, ambao juzijuzi tu walikuwa wakilala na bunduki chini ya kitanda. Na haya mawe yaliyotawanyika ni watu wasio na chama. Hakuna lundo hata moja linalofikia lile kubwa, na wote wanachukiana, hawawezi hata kusalimiana kanisani. Basi mwaka huu wamefanya hivi. Akakusanya malundo yote madogo kwa mkono mmoja, shaa! Likawa lundo moja, na lile kubwa likaonekana dogo.

"Wakagawana nini?" Severini akauliza. Hapo ndipo nilipopaswa kumvuta shati tukaondoka.

Bwana akahesabu kwa vidole. Mkuu wa wafanyakazi kawa wa pili serikalini. Wale waliojitenga naye wamepewa posta. Mkuu wa wakulima kapewa ardhi. Vijana wa bunduki wamepewa mambo ya nchi za nje na hospitali. Mmoja asiye na chama kapewa kilimo.

"Na mkubwa wao? Kawa yule wa lundo la mawakili, bila shaka. Lake ndilo refu kati ya madogo."

Uso wa Bwana Dolani ukabadilika. Akasema hapana. Huyo alikuwa jenerali. Waingereza walipoondoka, watu wa Ayalandi waligeukiana, ndugu kwa ndugu, na upande wa jenerali ukawasimamisha wafungwa ukutani ukawapiga risasi. Mkuu wa wale vijana alikuwa upande wa wafungwa. Akasema, nitakaa nanyi nyote, lakini chini ya huyu sikai.

"Kaka yangu alikuwa upande huo," Bwana akasema. "Hakurudi nyumbani." Akashika jiwe akalitupa ukutani, taa ya karabai ikapasuka vipande vipande, na mimi ndiye niliyefagia.

"Jenerali akafanyaje?" Severini akauliza taratibu.

"Akajiweka pembeni. Akasema, tafuteni mwingine. Wakamchukua wakili mmoja mtulivu ambaye hakuna aliyemdai damu. Jenerali kapewa shule."

Jioni ile Severini hakunitania hata kidogo. Aliuchochea moto, akautazama, akauchochea tena. Nikajua nimekwisha.

Kwa nini? Kwa sababu Bwana Shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya kule Kivinje, alikuwa ametangaza kwamba mvua zikiisha watu watachagua jumbe kwa kupanga mstari. Kila anayetaka ujumbe anasimama uwanjani, watu wanajipanga nyuma yake, mwenye mstari mrefu anapewa fimbo. Safari iliyopita tulikuwa na mistari minne. Waislamu wa bondeni walijipanga nyuma ya Mzee Pazi. Sisi wa misheni nyuma ya Romani, mwalimu wa dini. Watu wa mlimani nyuma ya Abdala, mtu mkimya, mkono mmoja umekauka kwa kuungua. Na Likwata na waoga wake wakapata mstari mrefu kuliko wowote kati ya hiyo mitatu. Likwata alicheka siku ile mpaka kofia ikaanguka, na kesho yake akaanza kuchapa waliosimama kwingine.

Severini akawaita wazee hao watatu, Pazi, Romani na Abdala, Jumapili baada ya misa, kwenye banda la kuvunjia mawe. Mimi nilikuwa napeleka uji, nikakaa. Akamwaga mawe chini kama Bwana wake, akawaeleza Ayalandi yote. Wakashika videvu. Romani akasema sisi wa misheni tunajua kusoma, tupewe ukarani wa baraza. Akapewa. Abdala akataka watu wake wakae baraza la mashauri, na matarishi wote wa Likwata warudishwe kwao na viboko vyao. Akapewa.

"Basi imebaki fimbo," akasema Mzee Pazi. "Mstari wangu ndio mrefu kati ya hii mitatu."

Abdala akainuka. "Nitaleta watu wangu wote, Mzee Pazi. Lakini chini yako hatusimami. Sababu unaijua."

Mzee Pazi akachukua bakora yake, akatoka bila kuaga.

Sababu tuliijua wote. Wakati wa Maji Maji, Pazi akiwa kijana hajaota ndevu, aliwaonyesha askari wa Wajerumani pango walimojificha watu wa mlimani. Wakawasha moto wa majani mabichi na pilipili mdomoni mwa pango. Waliotoka wakikohoa walinyongwa palepale, na Pazi akapewa ncha ya kamba avute. Baba yake Abdala alinyongwa kwa kamba hiyo. Abdala mwenyewe alikuwa mtoto wa kubebwa, mama yake alipita naye katikati ya moto akatoroka, ndiyo mnaona ule mkono. Na tangu siku hiyo, miaka arobaini na zaidi, watu hawa walizikana, walialikana harusini, walikopeshana majembe, na hakuna aliyewahi kulitaja pango.

"Lazima aambiwe ajitoe," akasema Romani. "Nani atamwambia?"

"Nikienda mimi nitamwua," akasema Abdala.

Romani akasema yeye mtu wa dini, hafukui makaburi. Wote wawili wakamgeukia Severini.

"Mimi mtani," Severini akasema. "Nani atampiga mtani?"

Nilipiga sufuria ya uji chini. Nikamwambia utani ni wa msibani na harusini, huko kwenye fimbo ya ujumbe hakuna mtani! Akanicheka. Nikamwambia nitarudi kwetu. Akasema kwenu ni hapahapa, nyumba ya tatu, nitakuona ukipita.

Kesho yake mchana akajipaka majivu mwili mzima, akavaa gunia, akaenda bondeni analia kwa sauti kubwa. Nikamfuata, maana nilikuwa simwamini. Watu wakatoka majumbani wakidhani kuna msiba. Alipofika kwa Mzee Pazi akajitupa mlangoni chali.

"Jumbe Pazi kafa jamani! Kafa kabla hajatawazwa! Nani atanilipa nimzike?"

Watu wakaanza kucheka. Mzee Pazi akatoka na kanzu yake nyeupe. Nyuma yake akatoka mwanawe Abilahi, askari wa KAR, jeshi la Waingereza, aliyerudi kutoka vitani Burma, kifua kama mlango, panga la kijeshi kiunoni. Huyo alishaahidiwa na baba yake kuwa mkuu wa matarishi, na alikuwa amekwisha kushona kaptula ya kazi hiyo.

"Nimekufa kwa ugonjwa gani, mtani?" Mzee Pazi akauliza, anatabasamu.

"Kwa kamba," Severini akasema. "Kafa kwa ile kamba ya pangoni. Imemrudia shingoni. Watu wa mlimani wanasema hawawezi kubeba jeneza, mikono yao inanuka moshi."

Kicheko kikakatika. Abilahi akachomoa panga. Mzee Pazi akamwekea mkono kifuani.

"Rudisha. Ni mtani huyo."

"Baba, umesikia alichosema!"

"Nimesikia. Nimengoja mtu aniseme tangu mama yako hajazaliwa." Akakaa kizingitini, karibu na kichwa cha Severini. "Walikuwa wamemshika mama yangu, mtani. Walisema nikionyesha, watamwachia."

"Wakamwachia?"

"Walimnyonga wa mwisho. Na kamba nikavuta mimi, kwa sababu bunduki ilikuwa hapa." Akajigusa sikio.

Mimi mwenyewe, mjinga, nilikuwa nalia. Mzee Pazi akajifuta uso kwa kanzu, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Haya. Mmenizika. Sitaki tena ujumbe. Lakini mtani akizika haondoki mikono mitupu. Chukua kitu cha marehemu, Severini. Chukua mstari wangu."

Severini akaketi, majivu yanamwanguka. "Mimi?"

"Wewe. Huna ukoo hapa, hakuna unayemdai damu wala anayekudai. Abdala atakubali. Romani ni wa dini yako. Ama unaogopa?"

Basi ndivyo mpishi alivyokuwa mgombea wa ujumbe. Abdala alikubali bila kumaliza kusikiliza. Romani alikubali. Bwana Shauri alipoulizwa alisema hata punda akipata mstari mrefu atapewa fimbo. Bwana Dolani alimkumbatia Severini jikoni, akamwita wakili. Mtu pekee aliyekataa ni mimi. Nilimpiga kwa mwiko mgongoni, kisha nikamshika shati.

"Mimi sitaki ujumbe," nikamwambia. "Nakutaka wewe mzima. Yule Abilahi nimemwona macho. Vaa chochote, chukua hata shoka, tembea na watu."

"Brigita, jumbe mwenye shoka si ndiye Likwata? Mzee Pazi kaniita mtani mbele ya bonde zima. Mwanawe atathubutu?" Akanishika mkono akauweka kwenye tundu la jicho lake. "Hili nimelipa tayari. Sitaki mtu mwingine alipe."

Siku ya mistari ikafika, jua kali, nyasi za uwanja wa baraza zimefyekwa. Bwana Shauri alikaa mezani chini ya turubai, kijana mwekundu mwenye haraka ya kurudi Kivinje, askari polisi wawili na bunduki zao pembeni. Likwata alisimama upande wa kulia na tarabushi yake, fimbo mkononi, matarishi wamejipanga. Watu wake wakaanza kuja nyuma yake, wengine wanatazama chini.

Severini alisimama peke yake kushoto, kofia mkononi. Kwa muda hakuna aliyekwenda. Kisha Mzee Pazi akatoka katikati ya watu, akavuka uwanja wote na bakora yake, akasimama nyuma ya Severini. Bonde likamfuata. Romani akaja na misheni. Watu wa mlimani wakabaki pembeni wakiangalia mgongo wa Mzee Pazi, mpaka Abdala alipotema mate chini na kwenda, nao wakaja.

Likwata alipoona mstari unapinda kuelekea barabarani, akawafanyia ishara matarishi. Wakaingia na viboko. Wakampasua Romani uso, wakamwangusha mzee mmoja wa mlimani wakamkanyaga mbavu. Ah, mwaka ule hawakutukuta mikono mitupu! Wanawake wa misheni tulikuwa tumekusanya mawe ya Bwana Dolani kwenye vikapu, tukayarusha. Mwanaume mmoja wa bondeni alimpiga tarishi kwa mpini wa jembe taya ikahamia sikioni. Yule wangu wa sikio moja nilimpata kichwani, akalala. Polisi wakapiga risasi hewani, matarishi wakarudi nyuma wakivuja damu, na mstari, nawaambia, mstari haukukatika. Bwana Shauri alitembea akiuhesabu mpaka akachoka. Akamnyang'anya Likwata fimbo, akampa Severini.

Tulipiga vigelegele! Bwana Dolani alirusha kofia yake ikakwama kwenye turubai. Nilimsamehe mume wangu kila kitu.

Ndipo Abilahi akatoka kwenye mstari. Alikuja polepole, amevaa ile kaptula mpya, akasimama hatua chache mbele ya Severini.

"Shikamoo, jumbe."

"Marahaba, Abilahi."

"Juzi ulikuja kwetu ukiwa mtani. Ukasema neno, nikanyamaza, kwa sababu mtani hapigwi. Leo wewe si mtani. Wewe ni jumbe. Jumbe akisema neno, ni neno la Serikali." Akainua sauti. "Waambie watu hawa kwamba baba yangu hakushika kamba."

Nikamwona Abdala anageuka, na watu wake wote wa mlimani wanageuka, wanamtazama Severini. Jamani, mbona ilikuwa rahisi! Aseme tu hakushika, ulikuwa mzaha, aende nyumbani ale. Lakini angesema hivyo mlimani wangeondoka palepale, na fimbo ingerudi kwa Likwata kabla haijapata joto mkononi mwake. Nikapiga kelele, "Severini, sema hakushika!" Mimi mke wake nilipiga kelele hiyo, na sina aibu.

"Abilahi, mwanangu, rudi," akasema Mzee Pazi.

Severini akanitazama kwa lile jicho. Kisha akamtazama kijana. "Baba yako alishika kamba," akasema, bila kutania. "Alishika, akakiri, na leo amesimama nyuma ya mpishi ili watu wapumzike. Mimi siwezi kuyafuta hayo."

Pigo la kwanza la panga la Abilahi liliingia kati ya shingo na bega. La pili Severini alilikinga kwa mkono wenye fimbo, mkono ukaning'inia kwa ngozi. Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka nimemlalia, na uzito wa Abilahi unaondoka juu yetu, kwa sababu watu wa mlimani walikuwa wamemvuta. Walimpiga kwa mawe yaleyale ya vikapu vyetu. Watu wa bondeni wakaja kumwokoa mtoto wao, wakakutana na mlimani mapanga kwa mapanga. Mtu wa bondeni aliyekuwa amebeba mzee wa mlimani aliyekanyagwa mbavu alimtupa chini akaingia vitani. Watu wa misheni wakakimbilia kanisani wakiongozwa na Romani, damu usoni. Polisi safari hii hawakupiga hewani. Nilipoinua kichwa Abilahi alikuwa amelala chali, kichwa kimefunguka, nzi wameshafika.

Bwana Dolani alikimbia kuleta lori. Mimi nilikaa chini na kichwa cha Severini mapajani, khanga yangu nimeisokota nimeijaza kwenye lile jeraha, ikalowa, nikavua kitambaa cha kichwa nacho kikalowa. Matarishi walikuwa wametoka tena, wanapiga kelele. "Kila mtu kwa mzee wake! Kila mtu kwao!" Wakawachapa watu kama kondoo, bonde huku, mlima kule, misheni hakuna. Likwata akaiokota fimbo kwenye damu, akaipangusa kwa kanzu yake, akampelekea Bwana Shauri kwa mikono miwili. Bwana Shauri alikuwa ametapika. Akamrudishia, akasema ashike mpaka amani ipatikane.

Likwata akaipata fimbo namna hiyo, na alikufa nayo kitandani kwake baada ya miaka mingi.

Nikatazama pale mstari ulipokuwa. Nyasi zimelala, kofia, kandambili, vikapu. Na katikati, Mzee Pazi. Mwanawe amelala pale, na yeye hajatoka mahali pake. Amesimama wima nyuma ya nafasi ya Severini, machozi yanatiririka, bakora imevunjika. Tarishi akamwamuru aende kwa watu wake. Akatikisa kichwa. Akachapwa. Akatikisa kichwa tena. Nikamwona Abdala anatoka kwenye kundi la mlimani, wenzake wanamvuta shati linachanika, anatoka hivyohivyo kifua wazi, anakuja, anasimama nyuma ya Mzee Pazi. Karibu kabisa, pua yake karibu iguse shingo ya mzee. Kiboko kikawa kinawapata wote wawili kwa pigo moja.

Severini akafungua jicho.

"Brigita. Wamebaki?"

"Wamekimbia, mbwa hao."

"Wote?"

"Wamebaki wawili. Pazi na Abdala. Wamesimama pamoja, mmoja nyuma ya mwenzake."

Akanitazama. Kisha akacheka, nawaapia alicheka, damu ikamtoka mdomoni. "Wewe mwanamke," akasema. "Hata saa hizi unanitania."

"Sikutanii! Naapa kwa Bikira Maria, tazama!" Nikamshika kichwa nimgeuzie upande ule aone. Kikanielemea mikononi. Alikuwa ameshaondoka, anatabasamu, akijua mkewe kamdanganya.

Na walikuwepo! Walikuwepo palepale, hatua chache kutoka alipolala, wazee wawili wanachapwa migongo mpaka nguo zinashikana na ngozi, na hakuna aliyetoka.